Mahjub bin Adam, Askari Aliyedai Mshahara Wake Berlin

Miongoni mwa maelfu ya Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia upande wa Ujerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara, wengi walibaki hesabu tu katika vitabu vya kikosi, bila jina la baba wala siku ya kufa. Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye huko Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen, ni mmoja wa wachache ambao maisha yao yanaweza kufuatwa tangu kuzaliwa hadi kaburini. Sababu yake si kwamba alipanda cheo kikubwa au alitunukiwa chochote, bali ni kwamba alikuwa mdai. Alidai mshahara, akadai nishani, akadai kurudishwa jeshini, na kila dai liliacha karatasi katika ofisi iliyolikataa. Historia yake, kwa kiasi kikubwa, imeandikwa kutokana na majibu ya makarani waliomwambia hapana.

Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, mwaka uleule ambao serikali ya Kijerumani iliigawa rupia ya koloni lake katika sehemu mia, kila sehemu ikaitwa Heller, jina ambalo wenyeji waligeuza kuwa hela na ambalo limeishi mjini humo muda mrefu kuliko utawala uliolileta. Baba yake alikuwa Msudani aliyetumikia katika jeshi la kikoloni na kufikia cheo cha efendi, cheo cha juu kabisa ambacho mtu mweusi aliweza kukishika katika jeshi hilo. Neno hilo lilitoka Uturuki, likapitia jeshi la Misri, likashuka na askari wa Kisudani hadi pwani ya Afrika Mashariki, na hadi leo raia anayesimamishwa na trafiki barabarani hulitumia bila kujua safari yake, anapoanza utetezi wake kwa kusema afande.

Namna Msudani alivyofika Dar es Salaam inahitaji maelezo mafupi, kwa kuwa bila hayo utumishi wa baba na mwana hauwezi kueleweka. Mwaka 1889, watu wa pwani wakiwa wamesimama pamoja na Abushiri bin Salim kuipinga kampuni ya Kijerumani iliyotaka kujitwalia miji yao, Berlin ilimtuma Hermann Wissmann kwenda kuzima upinzani huo, naye akapita kwanza Cairo na kuajiri mamia ya askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki bila kazi baada ya Misri kuipoteza Sudan kwa Mahdi. Watu hao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa jeshi lililokuja kuitwa Schutztruppe, yaani jeshi la ulinzi, na vyeo vyao vya Kituruki na Kimisri, kama vile ombasha, shaushi na efendi, vikawa vyeo vya jeshi zima hata baada ya Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema kuwazidi kwa wingi. Jeshi hilo lilipigana na Mkwawa huko Uhehe, na kati ya mwaka 1905 na 1907 ndilo lililozima vita vya Majimaji kwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula, hata kusini kukakumbwa na njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Yeyote anayetaka kumkumbuka askari wa Schutztruppe kwa haki hana budi kuanza hapo, kwa sababu ulinzi uliotajwa katika jina la jeshi haukuwa wa wanavijiji wa Ungoni wala wa Umatumbi.

Kwa mtoto aliyezaliwa ndani ya kambi, hata hivyo, jeshi lilikuwa kwanza nyumba. Askari wa Schutztruppe waliishi na wake, watoto na jamaa zao, na hata vikosi viliposafiri familia zilifuata nyuma, kiasi kwamba msafara wa kikosi kimoja ulifanana na kijiji kinachohama, kikiwa na masufuria, mbuzi na watoto wachanga mgongoni. Watoto wa kiume wa askari walitarajiwa kurithi kazi ya baba zao, na serikali, iliyokuwa na uhaba wa makarani, ilipenda kuwapeleka shule. Neno shule lenyewe lilitoka kwa Wajerumani hao hao. Mahjub alijifunza Kijerumani mapema, na kufikia mwaka 1913 alikuwa ameajiriwa ukarani katika kiwanda cha nguo mjini Lindi, akiwa na umri wa miaka tisa, ambao leo mtoto huwa darasa la tatu au la nne.

Vita vilipoanza Agosti 1914, baba na mwana waliingia jeshini pamoja. Schutztruppe wakati huo lilikuwa na askari wapatao 2,500 chini ya maofisa na masajini wa Kijerumani wasiofika 300, wakiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, na katika miaka iliyofuata askari waliongezeka hadi zaidi ya 11,000, bila kuhesabu wapagazi, ambao idadi yao ilikuwa kubwa zaidi na ambao ndio waliokufa kwa wingi kuliko wote. Mahjub, akiwa na miaka kumi, hakupewa bunduki bali aliwekwa katika kundi la wanafunzi wa ishara, vijana waliofundishwa kupeleka habari kati ya vikosi.

Kazi hiyo ilistahili kuitwa elimu. Chombo chake kikuu, heliografu, kilikuwa kioo cha duara kilichofungwa juu ya miguu mitatu na kuelekezwa ili kidake mwanga wa jua na kuurusha juu ya kilima cha mbali, ambako mwenzake mwenye darubini alikuwa akisubiri. Mpeleka ishara alibonyeza kitufe kidogo kilichokiinamisha kioo kwa unyuzi tu, mwanga ukamweka na kuzimika, mmweko mfupi ukiwa nukta na mrefu ukiwa mstari, na kwa mchanganyiko wa nukta na mistari hiyo herufi za Kijerumani zilivuka bonde lote bila waya wala mjumbe. Jua lilipohama ilibidi kioo kirekebishwe tena na tena, wingu likipita habari ilikatika katikati ya neno, na usiku taa ilichukua nafasi ya jua. Kazi hiyo haikuhitaji kifua kipana. Ilihitaji macho makali, mkono usiotetemeka na uwezo wa kuandika lugha ya kigeni herufi moja baada ya nyingine, na hiyo ndiyo sababu mtoto aliyejua kusoma alikuwa na thamani katika jeshi ambalo askari wake wengi wazima hawakujua.

Mwezi Oktoba 1917 vita vilimrudisha karibu na Lindi, mji aliouacha akiwa karani. Majeshi ya Waingereza, yakiwa pamoja na kikosi cha Wanigeria, yalikuwa yakisukuma kutoka pwani kuelekea bara, na kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba yalikutana na Wajerumani huko Mahiwa, jirani na Nyangao, katika mapigano yanayohesabiwa kuwa makali kuliko yote ya vita hivyo katika Afrika Mashariki. Lettow-Vorbeck, aliyekuwa na watu wapatao 1,500, aliwaacha wapinzani wake waje mbele moja kwa moja dhidi ya mitaro yake, na Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 kwa kuuawa au kujeruhiwa. Ulikuwa ushindi wa Kijerumani, lakini ushindi wa aina inayomfilisi mshindi, kwa kuwa mamia ya askari wake nao waliangushwa na risasi zake zikakaribia kwisha, na muda mfupi baadaye akalazimika kuvuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Mahjub hakuvuka. Alijeruhiwa Mahiwa, akatekwa na Waingereza, na vita vyake vikaishia hapo akiwa na miaka kumi na mitatu.

Askari zaidi ya 1,100 waliobaki na Lettow-Vorbeck hadi mwisho waliweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya vita kumalizika Ulaya. Wengi wao walikuwa hawajalipwa kwa muda mrefu. Tangu manowari za Waingereza zilipoifunga bahari, fedha hazikufika tena kutoka Ujerumani, na serikali ya koloni ikaanza kuchapisha noti za muda kwa karatasi yoyote iliyopatikana na hata kufua sarafu za dhahabu mjini Tabora mwaka 1916, mpaka mwishoni askari walikuwa wakipewa ahadi tu. Deni hilo la malimbikizo ya mishahara, ambalo kwa serikali ya Berlin lilikuwa jambo dogo katika orodha ndefu ya hasara za vita, ndilo lililotengeneza maisha yote ya Mahjub yaliyofuata.

Baada ya vita Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa, na kijana aliyekuwa ametumikia upande ulioshindwa alijitafutia riziki majini. Alifanya kazi za utumishi wa abiria katika meli mbalimbali, na kufikia mwaka 1925 alikuwa mhudumu katika meli za kampuni ya Kijerumani zilizopita Mfereji wa Suez zikienda na kurudi kati ya Hamburg na pwani ya Afrika Mashariki, ambazo wakati huo zilikuwa zimeanza tena kutia nanga katika bandari ya Dar es Salaam. Mwaka 1929 alishuka melini Ujerumani na kwenda Berlin akiwa na hesabu mbili mkononi, mshahara wake mwenyewe na mshahara wa baba yake. Alizipeleka Wizara ya Mambo ya Nje.

Wizara ilimjibu kwamba amechelewa. Katikati ya miaka ya 1920 Ujerumani ilikuwa kweli imetoa fedha za kuwalipa askari wake wa zamani walioko Tanganyika, lakini muda wa kuwasilisha madai ulikuwa umekwisha kupita, na mtu aliyekuwa akibeba sahani juu ya bahari wakati wengine wakilipwa hakuhesabiwa. Ni vigumu kutoona kejeli iliyomo katika jibu hilo, kwa maana katika miaka hiyo hiyo vitabu, mihadhara na magwaride ya Kijerumani yalikuwa yamejaa sifa za yule aliyeitwa askari mwaminifu, Mwafrika aliyesemwa kuwa alipigana hadi mwisho kwa mapenzi yake kwa Ujerumani. Sifa hizo zilikuwa hoja ya kisiasa. Baada ya Mkataba wa Versailles kuwanyang'anya Wajerumani makoloni kwa madai kwamba hawakufaa kuyatawala, wale waliotaka kuyarudisha walimhitaji askari mwaminifu kama shahidi wao, na shahidi wa namna hiyo ni rahisi kumtunza akiwa picha kuliko akiwa mtu anayesimama dirishani na kuuliza juu ya mshahara.

Mahjub hakurudi Dar es Salaam. Alipata kazi ya uhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe katika uwanja wa Potsdamer Platz, ambako kila ukumbi uliigiza pembe moja ya dunia: palikuwa na mkahawa wa Kituruki, baa ya Marekani ya magharibi, na baraza lililotazama Mto Rhine wa kuchorwa, ambako mara kwa mara taa zilizimwa na wateja wakaletewa radi na mvua za kutengenezwa huku wakiendelea kunywa mvinyo wao. Katika jumba la aina hiyo rangi ya mhudumu ilikuwa sehemu ya mapambo. Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner, Mjerumani wa Bohemia, na siku tatu baadaye Adolf Hitler aliapishwa kuwa kansela. Machi mwaka huo alizaliwa mtoto wao Ahmed Adam, aliyepewa jina la babu yake, na mwaka 1936 akazaliwa binti, Annemarie. Mtoto mwingine wa kiume, Heinz Bodo, ambaye Mahjub alimzaa na mwanamke mwingine wa Kijerumani, alichukuliwa na kulelewa na wanandoa hao, jambo linalosema mengi juu ya Maria, ambaye katika kumbukumbu zilizobaki anaonekana kwa nadra kuliko anavyostahili.

Riziki nyingine ilitoka katika Kiswahili. Chuo Kikuu cha Berlin kilikuwa na desturi ndefu ya kuwaajiri watu wa pwani ya Afrika Mashariki wafundishe lugha yao katika Chuo cha Lugha za Mashariki kilichofunguliwa mwaka 1887 ili kuwaandaa maofisa wa makoloni, na mashuhuri kati yao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903 na bado yanasomwa. Mtoro naye alioa mke wa Kijerumani, naye pia aligombana na mfumo uliotaka elimu yake bila kumpa heshima ya mwalimu mbele ya wanafunzi Wazungu, na alifia Berlin mwaka 1927, miaka miwili kabla ya Mahjub kushuka melini. Warithi wake walipungukiwa hata cheo. Mahjub, aliyefanya kazi chini ya Profesa Diedrich Westermann, alihesabiwa msaidizi wa lugha mwenye ujira mdogo, kazi yake ikiwa kutamka na kusahihisha huku wengine wakifundisha sarufi, na aliongezea kipato kwa kuwafundisha Kiswahili maofisa na polisi waliotumaini kwamba siku moja Tanganyika ingerudi mikononi mwa Ujerumani.

Mwaka 1934 serikali ilianza kutoa nishani ya msalaba kwa wote waliopigana Vita Kuu, ikiwa na panga mbili zilizopishana kwa wale waliokuwa mstari wa mbele. Mahjub, mwenye kovu la Mahiwa, aliiomba. Ombi lilikataliwa, na haikufichwa kwamba nishani hiyo haikukusudiwa watu weusi. Jibu lake kwa uamuzi huo ni miongoni mwa mambo ya ajabu katika maisha yake, kwani alikwenda kununua nishani katika duka la vifaa vya kijeshi, akaibandika kifuani juu ya sare ya kaki ya askari, akavaa na tarbushi, na hivyo ndivyo alivyojitokeza katika mikutano na maandamano ya vyama vilivyotaka makoloni yarudishwe. Ipo picha ya namna hiyo, mtu mwembamba aliyesimama wima, vifungo vyote vimefungwa.

Hapa mwandishi yeyote wa maisha yake hufika penye mwiba. Mahjub aliandamana kwa hiari katika harakati ambazo lengo lake lilikuwa kuwarudisha watu wa nchi yake chini ya bendera ya kigeni, na kumwita shujaa wa ukombozi kungekuwa uongo. Lakini kumwita kibaraka nako hakutoshi. Askari aliyeshindwa kulipwa kama mtumishi na kutambuliwa kama mpiganaji alikuwa amebakiwa na bidhaa moja tu ambayo Berlin ilikubali kuinunua, nayo ni sura ya askari mwaminifu, na aliiuza kadiri alivyoweza, akiamini, au akijifanya kuamini, kwamba siku moja mnunuzi angeona aibu na kulipa deni lote. Isitoshe, baada ya mwaka 1935, alipopoteza kazi ya Haus Vaterland kufuatia fitina za wenzake kazini, na familia yenye watoto weusi ikiishi katika mji uliokuwa ukiwafukuza wapangaji wa namna hiyo, sare ile ilikuwa pia aina ya ngao.

Ngao hiyo ilimfikisha hata jukwaani. Alishiriki katika Deutsche Afrika-Schau, maonyesho ya kutembea mji kwa mji ambayo Waafrika waliyaanzisha ili wapate riziki na ambayo dola, kuanzia mwaka 1936, iliyaweka chini ya usimamizi wake, yakiwa na ngoma, vibanda na askari wa kuigiza, mpaka chama tawala kilipoyapiga marufuku mwaka 1940. Zaidi ya hayo kulikuwa na sinema. Kati ya mwaka 1934 na 1941 alionekana katika filamu zisizopungua 23, mara nyingi kwa sekunde chache, akiwa mpagazi, mtumishi, mpiga ngoma au mtu anayepeperusha feni nyuma ya Mzungu anayezungumza, na katika mojawapo, iliyotolewa mwaka 1937, aliyekuwa mbele ya kamera alikuwa Zarah Leander, nyota mkubwa wa wakati ule. Studio ziliwalipa Waafrika wa Berlin vizuri kuliko kazi nyingine zote zilizobaki wazi kwao, na juu ya hilo zilikuwa mahali adimu ambapo walikutana wengi pamoja bila kushukiwa.

Nafasi yake kubwa kabisa aliipata katika filamu iliyomsifu mtu ambaye jina lake pwani lilikuwa laana. Carl Peters ndiye aliyezunguka Usagara, Uzigua, Nguu na Ukami mwaka 1884 akiwatia machifu saini katika karatasi wasizoweza kuzisoma, na ndiye baadaye, akiwa Kilimanjaro, aliyewanyonga mtumishi wake na msichana aliyekuwa suria wake, kisa kilichomfanya afukuzwe utumishi wa serikali mwaka 1897. Wenyeji walimwita mkono wa damu. Utawala wa Hitler ulimsafisha na kumfanya shujaa, na mwaka 1941 filamu ya maisha yake ikatoka, Hans Albers akiwa Peters na Mahjub akiwa Ramasan, kiongozi wake wa msafara. Watu wengi weusi wanaoonekana nyuma yao walikuwa mateka wa vita, askari wa jeshi la Ufaransa kutoka Afrika waliotekwa mwaka 1940 na kuletwa kutoka kambini kuigiza umati wa Waafrika. Hivyo mtu aliyewahi kuwa mateka halisi wa Waingereza kusini mwa Tanganyika alisimama mbele ya kamera akiongoza mateka halisi wa Wajerumani katika Tanganyika ya mbao na rangi.

Wakati huo milango mingine ilikuwa imefungwa. Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939 aliomba kujiunga na jeshi la Ujerumani na hakukubaliwa, na Aprili 1941 aliondoka chuo kikuu baada ya ugomvi. Katika kipindi cha upigaji wa filamu ya Peters alianza uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, watu wakapeleka habari, na mwezi Agosti 1941 Gestapo, polisi wa siri wa dola, walimkamata kwa kosa lililoitwa kuiaibisha mbari.

Maneno ya kesi hiyo, ambayo haikuwa kesi kwa kuwa hakufikishwa mbele ya hakimu yeyote, yanastahili kutazamwa kwa karibu. Sheria iliyofanya mapenzi kuwa jinai ilipitishwa Septemba 1935 kwa jina la kulinda damu ya Kijerumani, na ingawa iliandikwa dhidi ya Wayahudi, miezi michache haikupita kabla haijatafsiriwa kuwagusa watu weusi na Waroma. Utaratibu wa kumfunga mtu bila hukumu uliitwa Schutzhaft, kizuizi cha ulinzi. Koloni alimozaliwa lilikuwa likiitwa Schutzgebiet, nchi iliyo chini ya ulinzi, na jeshi alilolitumikia lilikuwa jeshi la ulinzi. Neno ni lilelile mara zote nne, tangu jina la sheria ile hadi jina la jeshi, Schutz, na katika maisha yake yote halikuwahi hata mara moja kumaanisha kwamba yeye ndiye anayelindwa.

Septemba 1941 alipelekwa Sachsenhausen, kambi ya mateso iliyojengwa mwaka 1936 huko Oranienburg, kaskazini mwa Berlin, ambamo zaidi ya watu 200,000 walipita hadi mwaka 1945. Aliishi humo miaka mitatu, muda mrefu kupita wafungwa wengi walivyoweza, na akafa tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka arobaini. Ahmed Adam na Annemarie walikuwa wamekwisha kufariki wakiwa wadogo, kabla baba yao hajakamatwa, na Bodo aliuawa na mabomu yaliyoangushwa Berlin mwaka 1945. Hakuna mtoto wake aliyeishi kuusimulia ukoo.

Alizikwa katika makaburi ya Reinickendorf, Berlin, na kwa zaidi ya miaka sitini habari zake zilibaki zimetawanyika katika majalada ya wizara, chuo na studio, hadi mtafiti wa masuala ya Afrika, Marianne Bechhaus-Gerst, alipozikusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 2007 na ambacho jina lake, lenye maana ya mwaminifu hadi kufa, linageuza dhidi ya wenyewe sifa ile ya kale ya askari. Mwaka huo huo jiwe dogo la ukumbusho liliwekwa katika njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba ya mtaa wa Brunnenstraße alikoishi, moja ya yale mawe yenye uso wa shaba, upana wa sentimita kumi kwa kumi, ambayo msanii Gunter Demnig amekuwa akiyapachika mbele ya makazi ya mwisho ya wahanga wa utawala wa Hitler, na ambayo lazima mtu ainame ili aweze kuyasoma. Mwaka 2013 Eva Knopf alitoa filamu ya kumbukumbu iliyochambua vile vipande vifupi vya sinema, akimtafuta mtu yuleyule nyuma ya nyota wanaozungumza. Dar es Salaam, alikozaliwa, ina sanamu ya shaba ya askari katikati ya jiji, iliyowekwa na Waingereza mwaka 1927 karibu na mahali walipong'oa sanamu ya Wissmann, lakini askari yule ni wa upande mwingine wa vita, na hana jina.

Deni lenyewe lilikuja kulipwa. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwapa malimbikizo yao askari wa Schutztruppe waliokuwa bado hai, na ofisi ya muda ikafunguliwa Mwanza. Inasimuliwa kwamba mamia ya wazee walijitokeza lakini ni wachache tu waliokuwa na cheti cha mwaka 1918, na kwamba afisa wa benki aliyeletwa na fedha, asijue namna ya kuwatambua wengine, alimpa kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha, begani, mkononi, chini, na hapakuwa na mzee hata mmoja aliyekosea. Kama angalikuwa hai, Mahjub bin Adam angalikuwa na umri wa miaka sitini mwaka huo, na pengine angalikuwa kijana kuliko wote katika foleni.